Sura ya Tano: Sanduku la Blom

Omar wa posta alikuwa na tabia moja iliyomchosha kila mpelelezi aliyewahi kusimama mbele ya dirisha lake: ukimwuliza swali moja anakujibu matatu, na lile ulilouliza analiacha mwisho.

"Inspekta Kituyi, karibu. Chai umekunywa? Upepo wa jana umeuona? Mahindi ya watu kule Moiben imelala yote chini."

"Omar, nataka fomu ya sanduku 2217."

"Hiyo ya Blom."

"Hiyo hiyo."

Inspekta Jeconia Kituyi alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kuharakishwa. Na asubuhi hiyo ya Oktoba, mwaka wa themanini na sita, alikuwa ameharakishwa kwelikweli. Bosi wake, Supritendenti Nderitu, alimwita saa mbili kamili akamtupia faili. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameamka. Walitaka kujua ni kina nani hapa Eldoret wanaoandikiwa barua kwa lugha ya Kikaburu kutoka Afrika Kusini, zikipitia Malawi, wakati nchi hii haitaki hata kusikia harufu ya serikali ya makaburu. "Jumamosi nataka majina," Nderitu alisema. "Kama ni wazee, wataenda Nairobi na uzee wao."

Barua zenyewe zilikuwa sita. Zilianza kunaswa mwanzoni mwa mwaka, zikafunguliwa, zikapigwa muhuri. Kisha ikagundulika kwamba hakuna askari hata mmoja anayejua kusoma Kikaburu. Basi zikalala kwenye droo ya Kituyi, naye akaendelea na wezi wake wa ng'ombe.

Omar alileta fomu akaisukuma chini ya chuma cha dirisha. Kwenye mstari wa jina la mwenye sanduku palikuwa na fujo. Majina matatu yalikuwa yamekatwa kwa wino, na la nne limeandikwa pembeni kwa herufi kubwa: BLOM.

"Kwanza waliandika Chama cha Lugha ya Kikaburu," Omar alieleza kwa raha, maana hadithi hii aliipenda. "Nikawaambia, wazee wangu, mnataka kulala ndani? Wakafuta. Wakaandika Wazee wa Moiben. Hiyo ikaenda kusajiliwa ikarudi, ati inanuka ukabila. Ukabila gani, na hapo kuna Mkikuyu, Mnandi, na Mluhya? Wakaandika Sauti ya Kale. Ikarudi tena: sauti ya nani, na inasema nini? Ndio wakaja na hii."

"Na Blom ni nini?"

"Ndio hiyo hata huko wanauliza mpaka leo. Mimi niliwapa sanduku kwa muda, wakingoja cheti. Huu sasa ni mwaka na nusu."

Kituyi aliinama. Fomu ilitaka sahihi moja, na ilikuwapo, mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na wamisheni: Gerishon Thuo, Chepsaita. Lakini kando ya neno BLOM, mahali ambapo fomu haikuomba kitu, palikuwa na alama ya kidole gumba.

"Hiki kidole ni cha nani?"

"Mama mmoja. Alikataa kutoka hapa mpaka akiweke. Nikamwambia, mama, fomu haitaki. Akaniambia, fomu haitaki, mimi ndiye nataka. Jina sikumwuliza, foleni ilikuwa imefika nje."

Kituyi alinakili kila kitu kwenye kijitabu chake, pamoja na majina yaliyokatwa, kwa mpangilio wake. Mtu aliyetia sahihi ndiye aliyeijaza fomu, hilo halikuwa na shida. Ila aliyegandamiza kidole pasipohitajika ndiye mwenye jina.

Gerishon Thuo walimkuta Chepsaita akimkamua ng'ombe wake wa gredi. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufi, Mkikuyu aliyekuja bonde hili akiwa tumboni mwa mamake. Alipomwona Kituyi akishuka kwenye Landrova, na nyuma yake Koplo Mahamud amebeba kijitabu, hakuacha kukamua.

"Ngojeni nimalize chuchu. Ng'ombe hajui serikali."

Walingoja. Mahamud, kijana wa Kisomali aliyezaliwa papo hapo Eldoret, mwana wa mwenye malori, alikuwa na hamu ya kukamata mtu. Kituyi alimpa ishara atulie.

"Tuko kumi na mmoja," Gerishon alisema baadaye, akifuta mikono. "Sisi wote tulikulia kwa mashamba ya makaburu. Mimi nilipikia Kaburu wangu miaka kumi na tisa. Hiyo lugha walituingizia na kiboko, afande, sikufichi. Lakini ikishaingia haitoki. Mimi nikiota, naota nayo. Sasa utaiongea na nani? Bibi yangu akinisikia anafikiri nimeshikwa na malaria."

"Mnaandikiana nini?"

"Maneno tu. Fulani amezika. Ng'ombe ya fulani imezaa mapacha. Unakumbuka ile mkate tulikuwa tunaoka? Wacha wewe! Nikiandika hiyo neno ya mkate nasikia njaa ya ujana. Waliotufundisha walikuwa watu wabaya, na wakati wao ulikuwa mbaya. Lakini ndio ulikuwa wakati wangu, sina ingine."

"Na Afrika Kusini?"

Hapo mzee alikohoa. "Hiyo ni mkono yangu. Nilinunua misumari mjini, ikafungwa na gazeti kuukuu ya kanisa yao. Nikaandika kwa hiyo anwani, nikaomba watutolee tangazo: kuna watu Eldoret wanaongea hii lugha bado, waandikieni kwa Blom, sanduku 2217. Si siasa. Na hata hiyo si akili yangu. Ni mama mmoja wetu alinisumbua mpaka nikaandika."

"Ndiye alichagua jina?"

"Ala! Si kuchagua, ni kutunyang'anya. Tulikaa hapa tukapiga kura. Mimi nilitaka Lugha Yetu. Mwingine akataka Sisibo, vile tulikuwa tunaita Eldoret zamani. Yeye akanyamaza masaa mawili, halafu akasema, ni Blom, ama mimi natoka. Tukamwuliza sababu. Akasema ni jina nzuri. Wanaume tisa na wanawake wawili, na akatushinda peke yake."

"Blom maana yake nini?"

"Ua. Ua tu, ile ya kunusa."

Mahamud aliandika UA akalipigia mstari mara mbili.

Jina la mama huyo Gerishon hakulitoa upesi. Alitazama ndoo ya maziwa, akamtoa inzi mmoja, akaifunika. "Anaitwa Wahu," alisema mwishowe. "Anauza makaa mtaa wa Huruma. Ni mjane. Ama si mjane, hajui. Bwana yake alikuwa dereva wa plau kule Moiben, Mluhya kama wewe, Walubengo. Makaburu wakihama mwaka wa sitini na mbili, akachukuliwa aendeshe lori yao mpaka huko chini, Afrika Kusini. Aliambiwa ni mwezi moja."

Njiani kurudi Mahamud hakunyamaza. Ua lilikuwa jina la siri, alikula kiapo. Wapelelezi wa nchi za nje hupenda maua. Kituyi alikuwa na mashaka, lakini kazi ya upelelezi ni kufunga kila mlango hata ule usiopitisha mtu. Wakapoteza saa mbili kwa wauza miche wote wa mjini, wakihoji nani hununua maua na humpelekea nani, na hawakupata chochote ila mche wa waridi ambao Mahamud aliona aibu kutoununua.

Ofisini Kituyi alizitoa barua sita akazipanga mezani. Hakujua neno hata moja, lakini mtu hahitaji kujua kuogelea ili aone mto unaelekea wapi. Alihesabu mistari. Alilinganisha wino. Tano zilianza kwa salamu ndefu, maneno manne au matano yakifuatana, koma hapa, koma pale. Waandishi wake walikuwa wazoefu wa kalamu. Ya sita ilikuwa na mwandiko mwingine, herufi kubwa za mwanafunzi zinazopanda na kushuka, na ilianza kwa neno moja tu, peke yake kwenye mstari, na alama ya mshangao mbele yake.

"Swartland!" Kituyi alilisoma kwa sauti, kwa kadiri ulimi wake ulivyoweza.

"Afande?"

Kituyi alilisoma tena, safari hii akilivuta mwishoni, kama mtu aliye mbali anayeita. Kisha akasimama.

"Mahamud, baba yako ana malori. Baba yangu alikuwa na maksai wanne na plau moja. Umewahi kuona maksai wakilima?"

"Nimewaona kwa mbali."

"Kila mmoja ana jina lake na upande wake. Wa kushoto ni wa kushoto mpaka afe. Wanafungwa wawiliwawili kwenye nira, na hao wawili huwezi kuwabadilisha. Ukimfunga mmoja na mgeni, anasimama. Utapiga mpaka uchoke. Na dereva anayetembea nyuma hamwiti mmoja akamwacha mwenzake. Akiita wa kushoto, lazima aite na wa kulia, la sivyo plau inaenda kombo."

Mahamud alitazama barua, akatazama kijitabu chake chenye UA. "Kwa hiyo Blom..."

"Blom ni ng'ombe. Huyu mama aliolewa na dereva wa plau. Ameweka kwenye sanduku la posta jina la ng'ombe mmoja, upande mmoja wa nira. Lile la pili ameliacha makusudi."

"Amemwachia nani?"

"Twende tukamwulize."

Wahu alikuwa kwenye kibanda chake Huruma, akipima makaa kwa kopo. Alikuwa na miaka sitini hivi, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimekuwa cha rangi ya kazi yake. Aliwatazama viatu kwanza.

"Mmekawia," alisema. "Nilifikiri mtakuja mwaka jana."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaeni kwa hiyo gunia, haiumi."

Kituyi alikaa. Mahamud alibaki wima mlangoni. Kituyi alikuwa amepanga maswali kumi na mawili njiani, ya chama, ya mikutano, ya gazeti la kanisa. Akayaacha yote.

"Mama, Blom alifungwa upande gani?"

Kopo lilisimama hewani. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Upande gani?"

"Kushoto."

"Na wa kulia alikuwa anaitwa nani?"

"Hiyo sisemi."

"Mimi ni polisi, Mama."

"Nimeona viatu. Nifunge basi. Nikitaja hilo jina leo, kesho mtu yeyote ataandika aseme ni yeye. Mwaka jana alikuja mmoja, barua tamu kama uji wa harusi, ati yeye ndiye Walubengo, nimtumie picha. Nikamwambia Gerishon, mwulize Blom alivuta na nani. Mpaka leo anatafuta jibu."

Mahamud alicheka, akajizuia. Wahu mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha.

"Wewe ni Mluhya?"

"Mbukusu wa Bungoma."

"Hata yeye. Nilipofika Moiben sikujua Kiluhya, na yeye hakujua Kikuyu. Kiswahili kilikuwa kidogo, na Kaburu hakutaka tukiongee shambani, alisema tunamtukana. Na kweli tulikuwa tunamtukana. Basi tulibaki na lugha yake. Mimi nilishika kamba mbele ya maksai kumi na sita, yeye alikuwa nyuma na mjeledi. Huruhusiwi kugeuka nyuma ukiongoza, mtaro utapinda. Miezi mitatu nilikuwa nasikia sauti tu. Anaita wale ng'ombe, halafu katikati anaingiza maneno yangu. Ameona nimechoka. Ameona nimefunga kitambaa kipya. Kaburu yuko pale anasikia, anafikiri anaongea na ng'ombe." Alifuta mikono kwenye leso. "Tulipochumbiana, tulipogombana, tulipozika mtoto wetu, ilikuwa kwa hiyo lugha. Watu wanasema ni ya shetani. Sawa. Lakini mimi hakuna mtu amewahi kunipenda kwa lugha ingine."

"Na baada ya kwenda?"

"Shamba iliuzwa, ikakatwakatwa. Sanduku ya posta ya Kaburu ikafungwa. Mimi na yeye hatukujua kusoma. Hata kama alimwambia mtu amwandikie, barua ingeenda wapi? Ndio nikasema, kama ni kutafuta jina ya sanduku, tuweke ile hawezi kupita bila kusimama."

Kituyi alitoa bahasha kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya goti. Macho ya mama yaliifuata.

"Mama, nisikilize. Kuna faili, na kwenye faili nyinyi ni wapelelezi wa makaburu. Mimi nina jina moja hapa. Ukiwa na lile lile, kesi imekwisha, nitaandika hivyo na kutia sahihi. Hutamtajia kila mtu. Mtajie huyu Koplo, sikioni. Yeye barua hajaishika, na nilipolisoma neno lenyewe alilisikia kama anavyosikia Kichina."

"Ni kweli," Mahamud alisema. "Sikulishika."

"Mimi nitaliandika kwenye karatasi nimpe. Akisikia ni lile, ataniambia ndiyo. Kama silo, tunaenda zetu, na jina lako linabaki lako."

Mteja alikuja na karai, akaona polisi, akakumbuka kazi nyingine. Mwishowe mama alimwita Mahamud kwa kidole, akamshusha sikio hadi mdomoni mwake. Alisema neno moja. Mahamud aliikunjua karatasi, akaisoma polepole, silabi kwa silabi, midomo ikicheza.

"Ndiyo, afande."

Mama alikaa chini, pale pale juu ya makaa.

"Soma," alisema.

"Mama, mimi sijui hii lugha."

"Nimekuambia uelewe? Nimekuambia usome."

Kituyi alisoma. Alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, akikwama kwenye irabu zilizopandana, akiyavunja maneno mahali pasipovunjika, na mara mbili mama alimrudishia neno likiwa zima naye akalikariri. Kwa kuwa hakujua anachosema, alitazama uso wa mama ili ajue habari. Kwenye neno la kwanza uso ulifumba macho. Kwenye ukurasa wa kwanza ulicheka, cheko la msichana kabisa, na mkono ukafunika mdomo. Alipogeuza ukurasa, mkono haukuondoka, lakini cheko lilikuwa limeisha. Alimaliza. Mahamud alikuwa ametazama nje muda wote.

"Yuko hai," Wahu alisema. "Ama alikuwa hai akiandika. Macho imekwisha, mtoto wa kanisa ndiye anamshikia kalamu. Lori ilifika, makaratasi yake yakachukuliwa, akaambiwa hakuna kurudi. Hakuoa. Hiyo simwamini, lakini asante. Anasema walimsomea tangazo kanisani, na alisimama katikati ya maombi akaita ng'ombe, watu wakamtoa nje." Aliokota kipande cha makaa, akakirudisha kwenye kopo. "Anakaa kwa nyumba ya wazee. Hiyo nyumba inafungwa baada ya Pasaka, watatawanywa, hajui atapelekwa wapi. Anasema kama Blom yuko bado, ajibu kabla ya Pasaka."

Kituyi aliikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani.

"Hii barua ilifika lini?" mama akauliza.

Muhuri wa kituo ulikuwa pale, mwekundu, umepigwa vizuri. Angeweza kusema ilichelewa Malawi. Mama hakujua kusoma.

"Februari, Mama. Tarehe kumi na moja."

"Na leo?"

"Leo ni tarehe tisa, Oktoba."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwa droo yangu."

Mahamud aligeuka. Wahu hakupiga kelele, na Kituyi alitamani apige. Alimtazama tu, kama anayemtafuta mtu mwingine ndani ya uso wake na hampati.

"Wanasema mngoja hula mbivu," alisema. "Mimi zimeniozea mkononi, na mkono wenyewe ni wako."

"Mama, nisamehe."

"Nitakusamehe ukishamaliza kazi. Toa karatasi."

Hakuwa na karatasi nyingine ila fomu ya maelezo ya shahidi. Aliigeuza upande mweupe, akaiweka juu ya kijitabu, akafungua kalamu. Pasaka ilikuwa imepita miezi sita. Nyumba ile ilikuwa imefungwa. Barua ya kwenda huko peke yake ilitosha kumvua cheo, na alijua ni Nderitu atakayezivua nyota kwa mkono wake.

Mama alianza kusema. Alisema polepole, akimpa neno moja mara mbili, naye akaliandika kwa jinsi alivyolisikia, mstari baada ya mstari, hajui anaandika nini. Ukurasa ulipojaa, Kituyi akauliza jibu litumwe kwa jina gani, maana Blom bado halina cheti, na Omar hawezi kuliandikia sanduku jina ambalo halipo.

"Weka jina langu. Wahu wa Huruma. Hilo halihitaji cheti ya mtu."

"Na Blom?"

"Blom sasa inajuliwa na polisi," mama alisema. "Tafuta mwisho wa karatasi, pahali umebakisha, uandike tu: bado nimeshika kamba, sijageuka. Hiyo andika na Kiswahili. Nataka na wewe ujue umeandika nini."